Onyo la Bladabindi linafutwa, kesho limerudi: jibu kwa mwalimu mwenye mlango wa nyuma kwenye kompyuta yake

Mwalimu wa sekondari mkoani Iringa ameuliza hivi: "Nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye Windows 10. Kwa wiki kadhaa Windows Security imekuwa ikinionyesha onyo la Backdoor:MSIL/Bladabindi. Nikibonyeza kuondoa, inaandika kwamba imeondoa, lakini baada ya siku moja au mbili onyo linarudi. Juzi taa ya kamera iliwaka bila mimi kuwa kwenye mkutano wowote. Kwenye flashi yangu folda za matokeo zote zimekuwa na kimshale kidogo pembeni. Fundi ananiambia nipige Windows upya, lakini humo mna alama za wanafunzi, na ndimo ninamofungulia barua pepe na huduma ya benki. Je, ni lazima? Na nikishapiga, nitakuwa salama?"

Mwalimu, piga Windows upya. Katika hilo fundi wako hakukosea. Ila usianze na hatua hiyo, na usikubali ifanywe kwa flashi ya mtu asiyeweza kukueleza Windows hiyo aliipata wapi. Ukiifanya ya kwanza na ya pekee, utakuwa umesafisha mashine huku akaunti zako zikiwa bado wazi kwa mtu mwingine, na flashi ile ile ikisubiri kuirudisha programu hiyo siku ya kwanza utakapoichomeka. Mpangilio wa kazi una uzito kuliko nguvu ya programu ya kusafishia, na ili uone sababu yake yafaa kwanza kujua unapambana na nini.

Bladabindi ni jina ambalo Microsoft imeipa programu inayofahamika zaidi kama njRAT. Ni mlango wa nyuma, yaani programu inayomwezesha mtu aliye mbali kuitawala kompyuta yako kwa siri. Imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na zana ya kuitengenezea imesambaa bure kwenye intaneti kwa muda mrefu, kiasi kwamba mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu anaweza kujaza anwani yake, akabonyeza kitufe, akapata faili la kusambaza. Kwa hiyo huna sababu ya kudhani kuwa kundi kubwa la wataalamu limekulenga wewe binafsi. Mara nyingi aliyeko upande wa pili ni mtu wa kawaida aliyerusha faili lake huku na huko, akakaa kusubiri nani atalifungua. Hilo halipunguzi madhara, kwa sababu uwezo anaoupata ni ule ule.

Faili hilo likifunguliwa mara moja tu, hujinakili mahali ambapo watu hawana desturi ya kuangalia, kama vile folda ya AppData au ya Temp, kwa jina lisilotia shaka kama server.exe au hata svchost.exe. Hili la pili ni jina la faili halali la Windows, lakini svchost ya kweli hukaa ndani ya C:\Windows\System32, haikai kwenye folda za mtumiaji. Baada ya hapo programu hujiandikisha kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, ili iamshwe kila unapoingia, huweka nakala nyingine kwenye folda ya Startup, na hujipa ruhusa ya kupita kwenye fayawoli, ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao, bila wewe kuulizwa. Kisha huanza kumtafuta kwenye intaneti mtu anayeitawala.

Hapo ndipo watu wengi wanapoielewa vibaya milango hii. Back Orifice, iliyotolewa mwaka 1998 na kundi la Cult of the Dead Cow kwenye mkutano wa DEF CON mjini Las Vegas, ilikaa kwenye kompyuta ya mtu ikisubiri amri kutoka nje kupitia poti namba 31337. Ruta za majumbani na fayawoli ziliufanya mtindo huo kuwa mgumu, kwa sababu huzuia wageni wanaobisha kutoka nje. Bladabindi hufanya kinyume chake: yenyewe ndiyo inayotoka ndani kwenda kumtafuta mwenye kuitawala, na kwa ruta yako safari hiyo haina tofauti na kivinjari kinapofungua tovuti. Na kwa kuwa mwenye kuitawala naye mara nyingi anatumia intaneti ya nyumbani ambayo anwani yake hubadilika, huipa programu jina la bure kutoka huduma za majina yanayofuata anwani popote inapohamia. Ndiyo maana mwezi Juni 2014 Microsoft ilikwenda mahakamani Nevada, ikapewa udhibiti wa majina 22 ya No-IP, kampuni inayotoa huduma hiyo, yaliyokuwa yakitumiwa sana na Bladabindi na programu mwenzake Jenxcus. Watumiaji wengi wasio na hatia walipoteza huduma zao kwa siku kadhaa na majina yakarudishwa. Bladabindi yenyewe haikufa, kwani kila mwenye ile zana aliweza kutengeneza faili jingine lenye jina jingine.

Mawasiliano yakishakamilika, mtu huyo anaweza kusoma unachokiandika kwenye kibodi, kupiga picha ya skrini, kufungua kamera, kuchukua nywila ulizozihifadhi kwenye kivinjari, kupekua mafaili yako, na kupakua na kuendesha programu nyingine yoyote kwenye kompyuta yako. Uwezo huo wa mwisho ndio unaonifanya nisikuambie usafishe tu kisha uendelee na kazi. Kizuia virusi kinaweza kukuonyesha kile kinachokitambua, lakini hakiwezi kukuhakikishia kwamba katika wiki zote hizo hakuna kitu kingine kilichoingizwa kupitia mlango huo. Kwa kompyuta yenye akaunti ya benki na kumbukumbu za watoto wa watu, shaka ya namna hiyo inatosha kuipiga Windows upya.

Sasa, kwa nini onyo linarudi kila mara? Maneno "imeondolewa" yanahusu faili moja, lililokutwa mahali pamoja, kwa saa ile. Nakala iliyoko kwenye flashi haijaguswa. Programu iliyoileta, ikiwa bado imo ndani, inaweza kuiweka tena. Pia kuna jambo ambalo nakuomba ulikague leo hii: fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Manage settings, ushuke hadi Exclusions. Hiyo ni orodha ya folda ambazo kizuia virusi kimeamriwa kisizikague kamwe. Kwenye kompyuta nyingi zilizotumika, hasa zile ambazo Windows au Office imewashwa kwa kraki, yaani programu ya kukwepa leseni, utakuta humo folda nzima, na wakati mwingine diski C yote. Kraki nyingi huja na maelekezo ya kuzima kizuia virusi kwanza, na mtu akishatii hilo, anayekuja nyuma yake hukuta njia nyeupe.

Flashi yako ndiyo ninayoishuku zaidi. Zamani flashi ikichomekwa, Windows iliweza kuendesha programu iliyomo bila kuuliza. Microsoft iliufunga mwanya huo kwenye Windows 7, na kwa Windows za kabla yake kupitia sasisho la Februari 2011. Tangu hapo programu za aina hii zinakuhitaji wewe ubonyeze. Hizo folda zenye mshale unazoziona si folda. Ukiweka mwonekano wa Details, kwenye safu ya Type utaona zimeandikwa Shortcut, na ukubwa wake ni KB 1 au 2, wakati folda ya kweli haina ukubwa wowote kwenye safu hiyo. Folda zako halisi zimo humo humo, zimefichwa tu. Unapobonyeza "Matokeo Kidato cha Pili", njia ya mkato huendesha kwanza nakala ya Bladabindi, kisha hukufungulia folda yako ya kweli ili usishtuke. Hivyo ndivyo flashi moja iliyochapishiwa kazi kwenye steshenari ya mtaani inavyoweza kuiambukiza ofisi nzima ya walimu kabla ya mwisho wa muhula.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, na kama unatumia modemu ya USB, ichomoe. Mlango usio na intaneti haumfikishi mtu popote. Usiandike nywila yoyote kwenye kibodi hiyo tangu sasa, hata kwa nia ya kuibadilisha, kwa sababu nywila mpya itasomwa kama ilivyosomwa ya zamani. Huu ndio ushauri ambao watu hukiuka zaidi: anaona onyo, anaogopa, anakimbilia kubadilisha nywila pale pale.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha kwa simu ukurasa wa Protection history ulio ndani ya Windows Security, na kila onyo ulifungue ili njia ya faili (mahali lilipokutwa) na tarehe zionekane. Kama kuna mtu aliyekuandikia kukutishia, kukuomba fedha au kukuonyesha picha zako, simama hapo na uende polisi na kompyuta ikiwa kama ilivyo. Nchini Tanzania kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na diski iliyofutwa haiwezi kutoa ushahidi. Kuhusu taa ya kamera, siwezi kuithibitisha kwa mbali, maana hata programu halali inaweza kuiwasha kwa muda mfupi. Lakini kwa kuwa Bladabindi ina uwezo huo na onyo lake lipo, chukulia kwamba kamera ilifunguliwa, na uibandike karatasi mpaka kazi iishe.

Kisha chukua simu yako, au kompyuta nyingine unayoiamini, uanze na barua pepe. Barua pepe hutangulia kwa sababu kila akaunti nyingine hurejeshwa kupitia hiyo. Ukibadilisha nywila ya benki huku mwizi bado anasoma barua pepe yako, umemtumia mwenyewe taarifa ya mabadiliko. Badilisha nywila, halafu uviondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, maana kivinjari huhifadhi vibali vya kuingia ambavyo vinaweza kunakiliwa na kutumiwa bila kuulizwa nywila. Angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti kama ni zako kweli. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kusambaza barua na ya vichujio. Mtu aliyewahi kuingia kwenye sanduku lako anaweza kuweka kanuni kwamba kila barua inayoingia nakala yake iende kwake, na kanuni hiyo haifutiki kwa kubadilisha nywila wala kwa kupiga Windows. Ni mlango wa nyuma usiokaa kwenye kompyuta kabisa, na mara nyingi hakuna anayeutafuta.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Benki uwapigie au uende tawini, uwaeleze kwamba kompyuta uliyokuwa ukiitumia iliingiliwa, wakubadilishie namna ya kuingia na wapitie miamala yako. Kwenye WhatsApp fungua Linked devices uondoe kila kompyuta iliyounganishwa, kwa kuwa anayeiona skrini yako huyaona na mazungumzo yako. Nywila ulizokuwa umezihifadhi kwenye kivinjari, zote, zihesabu kuwa zimekwisha kujulikana. Zile za mambo ya kazi na fedha zibadilishe leo, nyingine katika siku zinazofuata.

Sasa urudi kwenye kompyuta ili uokoe mafaili yako. Usijaribu kuizima Bladabindi kwa Task Manager. Ina hiari ambayo mtengenezaji akiiwasha, hujitangaza kuwa sehemu muhimu ya mfumo, na ukiizima Windows nzima huanguka kwenye skrini ya bluu; wengi hudhani kompyuta imekufa kumbe ni kinga ya programu yenyewe. Njia nzuri zaidi ni kuikagua wakati imelala. Futa kwanza yale uliyoyakuta kwenye Exclusions, kisha rudi kwenye Virus & threat protection, ubonyeze Scan options, uchague ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka upya katika mazingira madogo ambamo Windows ya kawaida haijaamka, na Bladabindi haijaamka pia, kisha itakagua kwa takriban dakika 15. Kama kinga yako haijasasishwa kwa muda mrefu, pakua sasisho lake kwenye kompyuta nyingine kutoka tovuti ya Microsoft.

Ukitaka kuona kwa macho yako, na mimi nashauri uone, tumia Autoruns, zana ya bure ya Microsoft inayoonyesha kila kitu kinachoamka pamoja na Windows. Chagua ifiche vitu vya Microsoft na ihakiki saini za kidijitali za watengenezaji, kisha uangalie kilichobaki. Kitu kinachoishi ndani ya AppData au Temp, kisicho na saini ya mtengenezaji, na ambacho jina lake kwenye orodha hiyo (si jina la faili lenyewe) ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote, kina dalili zote za Bladabindi.

Unapohamisha mafaili, tumia diski au flashi mpya, na uhamishe nyaraka tu: Word, Excel, PDF, picha. Usihamishe programu wala faili la kusakinishia hata moja, hata lile unaloliona la thamani. Kabla ya kuanza, kwenye File Explorer washa File name extensions ili uone mwisho halisi wa kila jina. "Ratiba.pdf.exe" ni programu iliyovaa jina la waraka, na lile linaloishia kwa .scr au .vbs halina kazi yoyote katika alama za wanafunzi. Faili la .docm au .xlsm linaweza kuwa na makro, yaani programu ndogo, ndani yake. Kama hukulitengeneza wewe, liache.

Ndipo upige Windows. Tengeneza flashi ya kusakinishia kwenye kompyuta safi kwa kutumia Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft. Utahitaji flashi isiyopungua GB 8. Ukifika mahali pa kuchagua diski, futa vigawanyo (partitions) vyote vya diski ya ndani mpaka ibaki nafasi moja tupu, na usiache kigawanyo cha D "kwa ajili ya mafaili", maana huko ndiko kraki na visakinishi vya zamani hukaa vikingoja. Kama huna kompyuta nyingine, Reset this PC kwa kuchagua Remove everything na Cloud download inafaa kwa kiasi kikubwa, ila itakula zaidi ya GB 4 za bando.

Kuhusu leseni, huenda huihitaji hiyo kraki hata kidogo. Kompyuta mpakato za maofisini za HP, Dell na Lenovo zilizotoka katika zama za Windows 8 na kuendelea, ambazo ndizo nyingi zinazouzwa zikiwa zimeshatumika, kwa kawaida zina ufunguo wa Windows uliochomwa kwenye ubao wa kompyuta na kiwanda. Ukisakinisha toleo linalolingana nao, Windows hujiwasha yenyewe ikipata intaneti. Inasikitisha kuona mtu akiharibu usalama wa kompyuta yake kwa kraki ili kuwasha Windows ambayo tayari ilikuwa imelipiwa. Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, sakinisha Windows 11 ikiwa kompyuta yako inakidhi masharti yake.

Umesikia labda kwamba kuna programu zinazoishi hata diski ikifutwa. Zipo, mwaka 2018 kampuni ya ESET ilieleza kuhusu LoJax, iliyojificha kwenye chipu inayoiwasha kompyuta. Hiyo ilikuwa kazi ya kundi la kijasusi. Bladabindi hukaa kwenye diski na kwenye flashi, basi, na diski ikifutwa yote hufa nayo.

Imebaki flashi. Kwenye Windows mpya, iliyokwisha kusasishwa, ichomeke bila kubonyeza chochote ndani yake, bofya kulia jina lake ukaikague. Kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Folda zako zilizofichwa zitatokea. Nakili nyaraka zake tu, halafu uiformati flashi. Flashi zote za wenzako mlizobadilishana zinahitaji kupitia hatua hizo hizo, na kompyuta zilizozipokea zikaguliwe. Bila hivyo mtaambukizana tena. Mkuu wa shule naye anapaswa kujua, kwa sababu taarifa zilizokuwa wazi ni za wanafunzi, na wazazi wao wana haki ya kuwa na mtu anayefuatilia.

Kwa kazi za kila siku fungua akaunti ya kawaida ya Windows, ile ya msimamizi uitumie tu unaposakinisha kitu. Kwa kuchapisha kazi, tenga flashi moja isiyo na kitu kingine isipokuwa PDF ya siku hiyo, na uiformati kila unaporudi kutoka steshenari.

Swali lako la mwisho, kama utakuwa salama, litajibiwa na Protection history katika majuma yanayofuata. Onyo likitokea tena, usikimbilie kupiga Windows mara ya pili. Soma kwanza njia ya faili iliyoandikwa chini ya jina la Bladabindi. Ikianza na herufi ya flashi, kizuia virusi kimeizuia mlangoni na kompyuta yako ni nzima. Kilichobaki ni kumpata mwenye flashi hiyo. Ikianza na C:\Users na jina lako, kuna kitu ulichokifungua tangu upige Windows, na tarehe ya onyo itakusaidia kukumbuka ni kipi.